Ziwa Liliitwa la Watumwa, Wenyewe Hawakuulizwa

Fungua ramani kwenye simu yako. Tafuta Kanada, kisha panda juu, pita ile miji yote ambayo mabinamu zetu walioenda ng'ambo hupigia picha za theluji. Endelea mpaka majina ya barabara yaanze kuisha na skrini ibaki na madoa ya buluu tu. Hapo utaona ziwa kubwa limeandikwa Great Slave Lake. Kwa Kiswahili ni Ziwa Kuu la Watumwa.

Mimi nililipata usiku mmoja nikizungusha ramani nikisubiri usingizi. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani: kumbe hata huko kwenye barafu waliwapeleka watu wetu? Nikamtumia msee mmoja picha ya skrini. Akanijibu papo hapo, "Kwani biashara ya watumwa ilifika mpaka huko?"

Wote wawili tulikuwa tumepotea. Jina hilo halihusu watumwa kutoka Afrika. Wala hapakuwa na soko la watumwa ufuoni. Lilianza kama tusi: jirani alimwita jirani yake mtumwa, mgeni akalisikia, akaliandika, na dunia nzima ikalinakili kutoka kwake. Zaidi ya miaka 200 baadaye bado tunalisoma kana kwamba ni jina la kawaida.

Msimamo wangu ni huu: sisi tunaoandika na kuongea Kiswahili hatuna sababu ya kuliendeleza tusi hilo. Na Wakenya, kwa historia yetu ya maziwa, tungefaa kuelewa jambo hili haraka kuliko wengi.

Lakini kwanza ulijue ziwa lenyewe, kwa sababu si dimbwi tunalobishania.

Liko katika eneo la Kanada linaloitwa Northwest Territories, yaani Maeneo ya Kaskazini-Magharibi. Eneo hilo ni zaidi ya mara mbili ya Kenya kwa ukubwa, lakini watu wake hawafiki 50,000. Hebu fikiria: ardhi inayomeza Kenya mara mbili, na wakazi wote wangeketi kwenye uwanja wa Kasarani, mechi ikaanza.

Ziwa lina zaidi ya kilomita 450 kwa urefu. Ni kama ile safari ya basi ya usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa, ila njia nzima uwe juu ya maji. Eneo lake linapita kilomita mraba 27,000, kumaanisha nchi nzima ya Rwanda ingetumbukia ndani. Maji yake hayana chumvi. Unachota na kunywa.

Kina chake sasa, maze. Mita 614. Hakuna ziwa lenye kina kirefu kuliko hilo katika Amerika Kaskazini nzima. Jengo la KICC lina mita 105. Ukilishusha KICC mahali penye kina kirefu zaidi katika Ziwa Victoria, ghorofa za juu zitabaki nje, kwa sababu Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, haina hata mita 90 kwenda chini. Kwenye ziwa hili la kaskazini ungepanga KICC tano, moja juu ya nyingine, na bado usione hata ncha.

Sehemu ya mashariki ndiyo yenye kina hicho, imebanwa na miamba ya kale sana. Ile ya magharibi ni pana na haina kina kirefu. Kutoka kusini linapokea maji ya mto Slave, ambao nao umebebeshwa jina lile lile. Upande wa magharibi maji yanatoka na kuwa mto Mackenzie, unaosafiri zaidi ya kilomita 1,700 hadi Bahari ya Aktiki. Wataalamu wa miamba wanasema ziwa hili ni mabaki ya ziwa kubwa zaidi lililotokana na barafu kuyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Wanaliita McConnell.

Nusu ya mwaka hivi uso wake ni barafu. Na barafu yenyewe ni nzito kiasi cha kubeba magari. Kati ya mji wa Yellowknife na kijiji cha Dettah kuna ghuba. Wakati maji hayajaganda, unaizunguka kwa barabara ya karibu kilomita 27. Baridi ikikomaa, watu hufungua barabara juu ya ziwa na safari inakuwa kilomita sita na kitu. Sisi tunalia mvua ikinyesha barabara inageuka ziwa. Wenzetu ziwa likiganda wanapata barabara.

Sasa tuje kwa jina.

Watu waliokuwa hapo tangu zamani ni Wadene. Hao ni jamii kadhaa zenye lugha za ukoo mmoja, kama Wabantu walivyo wengi na lugha zao zinafanana. Kusini-mashariki mwao waliishi Wakri. Wazungu wa biashara ya ngozi walipofika kwenye pwani ya Hudson Bay katika karne ya 17, Wakri walikuwa kati ya waliofanya nao biashara mapema, na hivyo wakapata bunduki mapema. Wakawa wanavamia majirani wa kaskazini na magharibi wasiokuwa na bunduki, na wengine wanawateka. Watu wa upande ule wakawaita kwa neno lao lenye maana ya mtumwa au mateka.

Wafanyabiashara walipoendelea kusonga ndani ya nchi, walikuwa wanatumia Wakri kama wenyeji na wakalimani. Fikiria ile hali. Mgeni anauliza, "Huko mbele wanakaa nani?" Mkalimani anajibu, "Watumwa." Mgeni anachovya kalamu, anaandika. Watu wakawa Slave, mto ukawa Slave, ziwa likawa Slave. Wafaransa nao wakalitafsiri kwa lugha yao: Grand lac des Esclaves. Kila lugha iliyofuata ikabeba mzigo bila kuukagua, mpaka ukatufikia sisi.

Angalia vizuri kosa lilipo. Mkri alimsema adui yake vibaya, na hilo limetokea kila mahali duniani, hata huku kwetu kila kabila lina neno lake la kumdharau jirani. Kosa kubwa ni la aliyeshika kalamu. Alifika hadi ufuoni, akakutana na wenye ziwa, akala samaki wao, akaongozwa na watu wao, na bado kwenye ramani akaacha neno la yule wa mbali.

Na waliongozwa kweli. Samuel Hearne, Mwingereza ambaye huandikwa kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo, alifika mwishoni mwa 1771. Kiongozi wa safari alikuwa Matonabbee, chifu Mdene. Bila Matonabbee, Hearne angekufa njaa kabla ya kuona chochote, maana alikuwa ameshajaribu safari mara mbili bila yeye na zote mbili zikamshinda. Alexander Mackenzie naye alivuka hapo Juni 1789, barafu ikiwa bado inamzuia mwezi huo wa sita, na alikuwa na kiongozi Mdene pia. Leo mto unaitwa Mackenzie. Wadene waliuita Dehcho, mto mkubwa.

Ziwa lenyewe je? Kwa lugha moja ya Kidene linaitwa Tucho. Kwa nyingine Tu Nedhé. Watu wa Tłı̨chǫ wanasema Tıdeè. Maana yake katika zote inakuja pale pale: ziwa kubwa, maji makubwa. Basi. Hakuna ushairi hapo, hakuna mfalme wala shujaa.

Nilipojua hivyo nilicheka kidogo, kwa sababu na sisi tuko vivyo hivyo. Nyanza ni maji makubwa, ziwa. Nyasa ni ziwa. Ukisema Ziwa Nyasa umesema Ziwa Ziwa. Mtu aliyezaliwa kando ya maji hahitaji kuyapamba. Kwake ziwa ni lile moja, na kila mtu nyumbani anajua unazungumzia lipi. Majina marefu yenye watu ndani yake huletwa na mpita njia.

Kuna samaki katika ziwa hilo anayenimaliza kabisa. Kwenye vitabu vya Kiingereza anaitwa inconnu. Hilo ni neno la Kifaransa, maana yake "asiyejulikana". Wapiga makasia Wafaransa walipomvua walikuwa hawajawahi kumwona, wakamwita asiyejulikana. Sasa niambie, asiyejulikana na nani? Wadene walikuwa wamemvua, wamemkausha, wamelisha watoto na mbwa wao vizazi na vizazi. Samaki wa kila siku, mwenye jina lake nyumbani, akaandikishwa kama mgeni katika maji yake mwenyewe.

Hapa naomba niingize mambo yangu, kidogo tu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, na deni likakaa. Kwenye mikutano ya familia nina jina tayari: "yule aliyeshindwa na masomo". Shangazi mmoja alilitamka mara moja kwenye mazishi, mtu akalibeba kwenye kikundi cha WhatsApp, na sasa hata binamu ambao hatujaonana miaka mitano wananijua hivyo. Hakuna aliyenipigia simu kuuliza kilichotokea. Sikuwahi kufeli mtihani hata mmoja. Lakini jina lilishaandikwa.

Sijifananishi na taifa la watu walionyang'anywa ardhi, hapana. Nasema tu najua ladha ya kuingia chumbani na jina limetangulia. Ukijitambulisha, watu wanakuangalia kama unajitetea. Wewe unayesoma hii kutoka mtaa ambao ukiutaja kwenye usaili wa kazi uso wa mwenye ofisi unabadilika, nawe unaijua.

Tukiongea mitaa, chukua Kibera. Neno lenyewe lilitoka kwa Wanubi, kibra, msitu. Serikali ya kikoloni iliwaweka hapo askari Wanubi na familia zao. Baadaye likawa Kibera kwenye ramani, kwenye filamu, na kwenye mdomo wa kila mtalii anayetaka kupigwa picha na umaskini. Eneo bunge lilipokatwa kutoka Lang'ata kwa uchaguzi wa 2013, liliandikwa Kibra. Wengine waliona ni herufi moja tu. Kwa Mnubi ambaye babu yake alizikwa pale, ni tofauti kati ya jina la nyumbani na jina la matangazo ya misaada.

Na maziwa ndiyo kabisa. Mwaka 1888, Samuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa la kaskazini mwa nchi yetu. Wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Rudolf huyo hakuwahi kuliona. Alikufa kwao mwaka uliofuata. Wasamburu walikuwa wakiliita Basso Narok, ziwa jeusi. Babu zetu walisoma Rudolf shuleni mpaka 1975, serikali ilipolibadilisha kuwa Turkana.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini tusidanganyane, hata hapo kuna swali. Ziwa hilo lina Waelmolo wanaoishi kwa samaki wake. Lina Wadassanech upande wa juu. Kuna Wasamburu, Warendille na Wagabra upande wa mashariki. Jina likachaguliwa moja. Ni bora mara mia kuliko Rudolf, kwa sababu angalau Waturkana wapo pale. Lakini kama lengo ni kuuliza wenyewe, "wenyewe" huwa zaidi ya mmoja.

Ziwa Victoria hatujaligusa hata. John Hanning Speke aliliona 1858, akalipa jina la malkia wake. Wajaluo wana Nam Lolwe. Waganda wana Nalubaale, na angalau Uganda waliliweka hilo jina kwenye bwawa la umeme la Jinja. Sisi hapa tunaimba uhuru kila mwaka, kisha tunateremka Kisumu kula samaki wa Victoria.

Sasa najua kuna mtu amesoma mpaka hapa akasema, "Hizo ni stori za jaba. Jina litampunguzia nani bei ya unga?" Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa.

Kwanza, ni kweli jina peke yake halisafishi maji. Karibu na Yellowknife, kwenye ufuo wa ziwa hilo hilo, kulikuwa na mgodi wa dhahabu ulioitwa Giant. Ulifanya kazi kuanzia 1948 hadi 2004. Kuchoma mawe ili kutoa dhahabu kulizalisha sumu ya aseniki, na tani 237,000 za vumbi la sumu hiyo zimehifadhiwa chini ya ardhi pale pale. Mpango ni kuzigandisha zisisogee. Wadene wa hapo wakikuambia shida yao ya kwanza ni hiyo sumu, utawalaumu vipi? Na mwisho wa Agosti 2023 ukitaka kujua maisha ya huko, mji mzima wa Yellowknife, watu kama 20,000, ulikuwa umeamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa msituni.

Lakini ona jambo lenyewe linavyofungamana. Waliokuja kuchimba walipaona kama mahali pasipo na mtu wa kuulizwa. Ardhi ambayo kwenye ramani ina jina la "watumwa", na samaki "asiyejulikana", ni rahisi kuichukulia kama isiyo na mwenyewe. Kwa lugha ya Tłı̨chǫ, mji wa Yellowknife unaitwa Sǫ̀mba K'è, mahali pa pesa. Wameuelewa mji huo vizuri kuliko ramani inavyowaelewa wao. Nairobi nayo ingefaa hilo jina.

Pili, wapo wanaosema ukifuta jina umefuta historia. Ati tukiondoa "watumwa", watoto hawatajua kilichotokea. Mimi naona kinyume. Mimi na yule msee wangu tulilisoma jina na tukajifunza uongo, tukadhani ni habari ya meli za watumwa. Jina lilituficha historia. Tulianza kuijua tulipoacha kuliamini.

Tatu, kuna hofu ya fujo: ukianza kubadilisha, kila mwenye nguvu ataandika jina lake. Hiyo nayo naikubali, tena sisi tuna ushahidi. Mwaka 1973 Idi Amin aliamua Ziwa Edward liitwe Ziwa Idi Amin Dada. Mobutu naye akajipa Ziwa Albert. Hao walimwondoa mfalme wa kigeni ili wakae wao kwenye kiti. Walipoanguka, majina yakaanguka nao, na ya wakoloni yakarudi. Mvuvi aliyekuwa kwenye mtumbwi hakuulizwa alipokuja Edward, hakuulizwa alipokuja Amin, na hakuulizwa Edward aliporudi.

Kwa hiyo kipimo changu hakitazami jina ni jipya au la zamani. Ninauliza tu: je, watu wanaochota maji hapo wanalitumia?

Na huko kaskazini wameshaonyesha inawezekana bila kelele nyingi. Kijiji kimoja kwenye mkono wa mashariki wa ziwa kiliitwa Snowdrift, rundo la theluji. Mwaka 1992 kikarudi kuwa Łutsel K'e. Mji uliokuwa Rae-Edzo ukawa Behchokǫ̀ mwaka 2005. Mwaka 2015 serikali ya eneo hilo ilitambua rasmi majina ya wenyeji ya ule mto, Dehcho likiwemo, na haikulazimika kulifuta Mackenzie. Mwaka 2019 watu wa Łutsel K'e walipata hifadhi ya taifa kwenye sehemu yao ya ziwa, baada ya mazungumzo ya miaka mingi, nayo inaitwa Thaidene Nëné, nchi ya mababu. Eneo zima lina lugha rasmi 11. Sisi tuna mbili na bado hoja zikiingia bungeni kwa Kiswahili watu wanashangaa.

Ziwa kubwa ndilo limebaki na tusi. Miji imebadilika, kijiji kimebadilika, mto umeongezewa majina, lakini maji yenyewe bado ni ya "watumwa". Wapo huko wanaodai libadilike. Ni uamuzi wao, na jina gani lishinde kati ya Tucho, Tu Nedhé na Tıdeè pia ni la kwao kuamua. Labda yote matatu yaandikwe, kama walivyofanya kwa mto. Mimi wa Nairobi sina kura hapo.

Kura yangu iko kwenye Kiswahili. Na hapa ndipo neno linatuuma sisi zaidi ya Mwingereza. Kwa Mwingereza wa leo, Slave kwenye ramani limekuwa sauti tu. Analisoma na kupita. Kwetu "mtumwa" ni neno zito bado. Limetoka kwenye kutumwa, mtu asiye na neno lake, wa kutumwa tu. Pwani kulikuwa na masoko yake. Frere Town pale Mombasa ilianzishwa miaka ya 1870 kuwapa makao watu waliokombolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Mpaka leo ukitaka kuanzisha vita kwenye mtaa fulani wa Pwani, mwambie mtu babu yake alikuwa mtumwa. Sasa sisi, kwa lugha hiyo hiyo, tunachukua watu wa mbali ambao hawajatukosea na kuwaandika Watumwa kwa herufi kubwa kwenye kitabu cha jiografia.

Hakuna sheria inayotulazimisha. Mwandishi wa habari akiandika kuhusu moto wa Yellowknife anaweza kusema "ziwa ambalo wenyeji huliita Tucho", kisha mara moja tu ataje jina la kwenye ramani ili msomaji alipate. Mwalimu anaweza kutumia dakika tano kueleza. Anayehariri makala ya Kiswahili kwenye intaneti anaweza kuliweka jina la wenyeji juu na lile lingine chini. Si mradi wa mabilioni. Ni sentensi moja.

Na tukizoea kuifanya sentensi hiyo kwa watu wa mbali, labda tutazoea kuifanya nyumbani. Kabla ya kurudia jina la mtaa, la jamii, au la yule binamu aliyerudi nyumbani bila cheti, tuulize mwenyewe anajiitaje. Inachukua muda mfupi kuliko kutuma ujumbe wa WhatsApp.

Yule msee wangu nilimweleza stori yote siku iliyofuata tukinywa chai kibandani. Akafungua ramani tena, akalitazama lile doa la buluu, akasema, "Kwa hivyo ni Ziwa Kubwa tu?"

Nikamwambia ndiyo, ni hivyo tu. Walikuwa wameshasema.